Pointi za Fungate

Barua kutoka Amsterdam iliingia kwenye sanduku la posta la ofisi yetu siku ya Jumanne, wiki tatu kabla ya ndoa yangu, nami niliibusu bahasha kabla sijaifungua. Jenifa, mwenzangu wa kaunta, alicheka mpaka akaegemea kabati la mafaili.

"Unabusu karatasi, Waridi? Mwenyewe akirudi si atakoma!"

"Mwenyewe yuko Dar, anarudi Ijumaa. Acha nibusu alichoniachia."

Ofisi yetu ya kukatia tiketi za ndege ilikuwa chumba kimoja katikati ya mji wa Dodoma, kati ya duka la vitambaa na mtengeneza redio. Tulikuwa na ramani ya dunia ukutani, simu moja, na feni iliyokuwa ikisukuma joto kutoka kona hii kwenda ile. Mwaka ulikuwa 1997. Biashara zilikuwa zimeachiwa huru, kila mtu anafungua kitu, na watu ambao zamani safari yao ndefu ilikuwa treni ya kwenda Tabora walianza kuja kuuliza nauli ya Dubai.

Ni hapo nilipokutana na Zaidi, miaka miwili kabla ya barua hiyo. Alikuwa mratibu wa mfuko mmoja wa hisani uliokuwa ukiwapeleka wagonjwa wa moyo kutibiwa India. Aliingia na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, akauliza habari za nauli, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwenye semina Dar es Salaam, kichwa kimejaa mambo mapya. Nikamweleza kuhusu klabu ya wasafiri ya shirika moja la Ulaya: unajiandikisha bure, kila ukiruka na ndege zao unaandikiwa pointi, pointi zikifika kiwango unapewa tiketi bila kulipa nauli.

"Bure kabisa?" aliuliza.

"Unalipa kodi ya kiwanja cha ndege tu. Na ukikaa mbele, bizinesi, pointi zinahesabiwa mara mbili."

Nakumbuka nilivyolisema hilo. Nilikuwa natabasamu. Yeye aliweka viwiko vyake juu ya kaunta, akanitazama kwa yale macho yake mazito yasiyo na haraka, mpaka kalamu ikanitoka mkononi.

"Basi, dada Waridi, nitaruka mpaka zitoshe watu wawili."

Nilimjazia fomu ya klabu kwa mkono wangu. Anwani tuliandika ya ofisi yetu, kwa kuwa yeye hakuwa na sanduku la posta; tiketi zenyewe mfuko ulikuwa ukizikatia Dar, hazikupita mikononi mwangu. Tangu siku hiyo, mapenzi yetu yalikuwa na hesabu yake. Alikuwa akirudi kutoka India ananiambia, "Bado kidogo, mpenzi," nami naelewa. Fungate yetu ingekuwa Paris. Mama yangu, Bi Salha, alikuwa ameshautangazia mtaa mzima wa Chang'ombe.

Nikaifungua barua. Walimpongeza bwana Zaidi kwa kufikisha pointi za tiketi mbili za kwenda na kurudi kutoka Dar es Salaam mpaka mji wowote wa Ulaya. Jenifa alipiga vigelegele mpaka mtengeneza redio akachungulia. Nami nikageuza ukurasa wa pili, ulioorodhesha safari zote, kwa sababu nilitaka kuziona moja moja, kila siku aliyokuwa mbali nami akinichumia.

Safari zilikuwa tatu. Zote ziliandikwa hivi: Dar es Salaam, Amsterdam, Bombay. Na kurudi vilevile.

Niliinua macho nikatazama ramani ukutani. Mtoto wa darasa la tano angeona. Bombay iko ng'ambo tu ya bahari, saa sita hivi ukipanda ndege ya moja kwa moja, na ndege hiyo ilikuwepo mara mbili kwa wiki. Huyu alikuwa akipanda mpaka Ulaya, anashuka, anangoja, halafu anarudi tena chini mpaka India. Karibu siku nzima na usiku wake. Na hakuwa akisafiri peke yake. Alikuwa na wagonjwa wa moyo.

Halafu nikaona herufi ndogo mwishoni mwa kila mstari. Daraja: bizinesi. Pointi: mara mbili.

"Mbona umenyamaza?" Jenifa aliuliza.

"Joto," nikasema.

Safari ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa tatu. Tarehe ile niliijua vizuri, maana ndiyo siku aliyompeleka Mama Loisi, mama wa Kigogo wa Chamwino aliyekuwa akituletea maziwa nyumbani tangu mimi niko shule ya msingi. Mimi ndiye niliyepeleka jina lake kwa Zaidi alipoanza kuvimba na kukosa pumzi. Na Zaidi mwenyewe aliniambia, akiwa ameketi sebuleni kwetu anakunywa chai, "Daktari ameagiza asikae kwa kujikunja. Mfuko umekubali kumlipia kiti cha bizinesi, alale, anyooshe miguu." Nilimpenda siku ile kuliko siku zote. Mama yangu alilia.

Mama Loisi alirudi moyo umepona, lakini mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti. Damu iliganda mguuni, walisema. Bahati mbaya.

Kiti cha bizinesi kilikuwa kimoja. Nacho kilikuwa kwenye orodha ya Zaidi.

* * *

Jumatano niliomba ruhusa, nikapanda basi la Kibaigwa, nikashuka Chamwino. Nilikuwa nimekwenda kumwona Mama Loisi mara moja tu tangu arudi, na siku hiyo sikuuliza chochote cha maana, nilipeleka sukari nikaondoka. Nilimkuta uani, ameketi kwenye mkeka anachambua mlenda, gongo lake la kutembelea pembeni. Mwanawe Petro, mwalimu wa sekondari, alikuwa anarekebisha mlango wa zizi. Aliniletea kigoda.

"Mbukwenyi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Bibi harusi! Umenenepa au ni furaha?"

Nilicheka kwa shida. Nikamwomba anisimulie safari yake, nikamdanganya kwamba nami nitapanda ndege karibuni na naogopa.

"Usiogope. Kupaa si kitu," alisema. "Tabu ni kukaa. Mimi niliwekwa katikati ya wazungu wawili wanene. Magoti yangu yaligusa kiti cha mbele hivi. Nikaona aibu kuwaamsha ili nipite, basi nikabana mkojo mpaka asubuhi."

"Na Zaidi alikuwa wapi?"

"Yeye alikuwa mbele. Kulikuwa na pazia. Alikuja mara moja akitokea kwenye pazia, akaniuliza, mama hujambo, nikamwambia sijambo. Kijana mwema sana yule."

Petro aliacha kupigilia msumari.

"Tukafika kwenye nchi ya baridi," Mama Loisi akaendelea. "Pale tulishinda. Asubuhi mpaka jioni, kwenye viti vya chuma. Viatu vilikuwa havinitoshi tena, nikavivua. Yeye alikwenda kwenye chumba cha kupumzikia. Nilimwomba nami nikajinyooshe hata chini sakafuni, akasema kule ni kwa wafanyakazi tu. Lakini aliniletea keki. Aliifunga kwenye karatasi laini, nzuri, akaniletea."

Chumba kile nilikijua. Niliwahi kukisoma kwenye vitabu vya semina: makochi, vinywaji, bafu la maji moto. Mwenye tiketi ya bizinesi anaingia, na haulizwi kama ni mfanyakazi au mkulima.

Sikuwa nimefikiria kwamba keki inaweza kumtia mtu kinyaa. Nilimwona Zaidi ameshiba, amelala, amenawa uso, anachagua kipande kimoja kwenye sahani, anakikunja kwenye tishu, anatoka nacho akijiona mtu mwema.

Petro alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa mrefu, mkimya, na macho yake yalikuwa yananipima.

"Umeuliza maswali mengi kwa mtu anayeogopa ndege," alisema.

"Petro, nipe siku chache."

"Za nini?"

"Kuna jambo lazima nilisikie kwa mdomo wa mwenyewe kwanza."

Basi lilipokuja alirudi zake kabla halijaondoka.

* * *

Zaidi alikuja nyumbani Ijumaa baada ya sala, kanzu nyeupe, manukato yake yakimtangulia. Mama alikwenda kumpokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umechoka, pole na safari."

Alikuwa amebeba mfuko mkubwa. Akatoa koti la sufu, jekundu, zito, la baridi ya Ulaya, akalitandaza kwenye kochi. Mama alishika kifua.

"La bibi harusi," Zaidi alisema, akinitazama. "Paris mwezi wa kumi na moja si mchezo."

Mama alituachia sebule, akajifanya ana kazi jikoni. Zaidi alikaa karibu yangu. Mkono wake ulitafuta wangu, na mkono wangu, kwa mazoea ya miaka miwili, ulianza kwenda kabla sijauzuia.

"Barua imefika?" alinong'ona.

"Imefika."

"Zimetosha?"

"Zimetosha. Zaidi, Mama Loisi alikaa kiti gani kwenye ndege?"

Tabasamu lake halikuondoka, lilisimama tu pale lilipokuwa. "Swali gani hilo?"

"Ulisema mfuko umemlipia bizinesi."

"Ulilipa. Kiti kimoja cha bizinesi, kimoja cha kawaida. Risiti zipo."

"Aliyekaa bizinesi nani?"

Alivuta pumzi, akainyoosha kanzu magotini. "Waridi, msikilize mtu kwanza. Yule mama hajawahi kupanda hata treni. Ningemweka kule mbele peke yake na vitufe vile, angechanganyikiwa. Nyuma kuna watu, kuna uchangamfu."

"Alibanwa na watu wawili mpaka akashindwa kwenda msalani."

"Ndege ni ileile. Inaruka pamoja, inatua pamoja. Aliyeko mbele hafiki jana."

Aliyasema hayo akacheka kidogo, kama mtu anayetamani nami nicheke. Nilimtazama meno. Niliwahi kuyapenda meno yale.

"Na Amsterdam? Ulimpitisha Amsterdam kwa nini, na ndege ya moja kwa moja ilikuwepo?"

"Shirika lile lina huduma nzuri."

"Shirika lile ndilo lenye pointi zako."

Aliokota uzi kwenye koti jekundu.

"Uliwapitisha wote watatu, Zaidi. Na yule mzee wa Mpwapwa, mzee Damas, uliyesema alifariki wiki moja baada ya kufika hospitali. Naye ulimzungusha Ulaya?"

"Mzee Damas alikuwa mtu wa kufa!" Sauti ilimpanda, akatazama mlango wa jikoni, akaishusha. "Alikuwa wa kufa tu, hata daktari alisema. Usinibebeshe kifo cha mtu."

"Sikubebeshi. Nakuuliza alipita wapi."

"Alipita huko huko! Haya, umefurahi?" Akasogea, akanishika bega. Manukato yake yaliingia puani mwangu mpaka kooni. "Waridi, mpenzi. Unadhani nilikuwa nazitafuta pointi hizo kwa ajili ya nani? Mimi ni mwajiriwa tu. Tiketi ya Paris ningeipata wapi? Nilitaka mke wangu aende mahali ambapo hakuna msichana wa mji huu aliyefika. Kila saa niliyokaa angani nilikuwa nakuwaza wewe."

"Ulikuwa unaniwaza mimi huku miguu yake inavimba nyuma ya pazia."

"Sikujua kama inavimba!"

"Alivua viatu mbele yako."

"Wewe ndiye uliyenifundisha," alisema ghafla, kwa upole, na huo upole ndio ulioniua. "Umesahau? Ukikaa mbele zinahesabiwa mara mbili. Ni wewe. Mimi nilikuwa hata sijui."

Niliinuka. Nilipita jikoni mbio, nikampita Mama, nikatoka uani, nikashika ukuta wa choo na kutapika chai yote ya asubuhi. Nilitapika mpaka yakabaki maji tu ya njano. Nyuma yangu nilisikia sauti yake nzuri ikimwambia Mama, "Ni joto, mama, na mawazo ya harusi. Mpe ndimu." Alisema hivyo, halafu akaaga kwa adabu, akaondoka.

Niliporudi ndani, nilimkuta Mama amelivaa lile koti. Lilikuwa joto la Dodoma la mchana, jasho linamchuruzika shingoni, naye amesimama mbele ya kioo cha kabati anajigeuza.

"Mama, livue."

"Nimesikia yote," alisema bila kunigeukia. "Mlango ni wa mbao tu."

"Basi unajua."

"Najua. Amekosea. Lakini nikuulize, mwanangu: ukivunja ndoa, mguu wa Loisi utaota?"

Nilishika mkono wa koti nimvue, akarudi nyuma.

"Baba yako mdogo Abdulrazaki anatoka Kondoa wiki ijayo kuja kukuozesha. Kadi zimegawiwa. Umefika miaka ishirini na sita. Nimeolewa na baba yako nikiwa sina hata kanga ya kubadilisha, nimekulea peke yangu tangu alipofariki, na leo amekuja mwanaume mwenye kazi, mwenye kuswali, anataka kukupandisha ndege. Kakosa nini? Hakuiba. Hakuzini. Alikaa kwenye kiti!"

"Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, mama. Wewe ulilia alipotuambia kuhusu kiti hicho. Hapa hapa."

Mama alifungua kifungo kimoja cha koti, kisha cha pili. "Nililia," alisema. "Lakini bado nataka uolewe."

Alilivua, akalikunja vizuri, akalitia kabatini mwake, akafunga na kuchukua ufunguo.

* * *

Jumamosi asubuhi simu ya ofisi ililia. Jenifa alinipa mkono wa simu na kutoka nje bila kuambiwa.

"Sijalala," Zaidi alisema. "Waridi wangu, sijalala."

Nieleze nini? Nilitaka kumsamehe. Sauti ile ilikuwa imeshanizoea, ilijua njia zote za kuingia ndani yangu. Mapenzi hayakuwa yamesoma barua ile. Nilijichukia kwa hilo kuliko nilivyomchukia yeye; nilijiona mchafu, kama mtu anayelamba sahani aliyoona nzi wakitembea juu yake.

"Nimefikiria," akaendelea. "Nitamtafutia mguu wa bandia. Mzuri. Nitazungumza na wafadhili, nitapeleka picha yake, watatoa. Na nikienda kuufuata..."

"Utapita wapi?"

Nilimsikia akikohoa upande wa pili.

"Kuufuata mguu, Zaidi. Utapita wapi?"

"Acha utani, Waridi."

"Utapata pointi?"

"Waridi, sikiliza. Ile karatasi ya pili ichome. Nibakizie ya kwanza tu, ndiyo ya kuchukulia tiketi. Mambo ya sisi wawili tutayazungumza tukiwa mbali na watu, tukiwa kule. Utaona, ukiwa kule utasahau."

Hapo ndipo nilipoinuka kitini. Aliamini kweli kwamba ningekwenda. Aliamini kwamba ningeketi karibu yake kwenye ndege ile, labda nyuma ya pazia lile lile, na kuomba juisi.

"Siolewi nawe, Zaidi," nilimwambia. "Mwambie mshenga wako. Na usije nyumbani kwetu, Mama atakukaribisha, na mimi sitaki nikukute."

Nikakata simu. Halafu nilikwenda bombani nikanawa sikio, nikalisugua kwa sabuni, mpaka Jenifa akaja kunishika mkono.

* * *

Jumapili nilimkuta Mama Loisi ametoka kanisani, amevaa gauni lake la maua, amewekwa kwenye kiti chenye mto. Petro alikuwa amesimama mlangoni. Nadhani alikuwa amenitarajia.

Nilikaa chini, kwenye udongo, nikawaeleza. Niliwaonyesha karatasi ya pili, nikawatafsiria mstari kwa mstari. Nilieleza pointi ni nini, na hilo lilichukua muda, kwa kuwa Mama Loisi aliniuliza mara mbili pointi zinawekwa wapi na mtu anazishikaje. Nilimwambia kwamba ndege ya moja kwa moja ilikuwepo. Nilimwambia kuhusu chumba cha kupumzikia. Mwisho nikamwambia kwamba mwanamke aliyemfundisha Zaidi mambo hayo yote ni mimi, na kwamba safari iliyokuwa inanunuliwa ilikuwa ya fungate yangu.

Petro alitoa sauti ndogo, akageuka, akaweka kipaji cha uso kwenye mhimili wa mlango. Mama Loisi hakusogea. Alikuwa anatazama mguu wake wa kulia, ule uliobaki, umevikwa soksi nyeupe ya kanisani.

"Huko mbele," aliuliza, "viti vyake vikoje?"

"Mama..."

"Nieleze. Kililipiwa kiwe changu. Nataka kujua."

"Ni vipana," nikasema. Machozi yalikuwa yameanza, sikuyafuta. "Kiti kinarudi nyuma mpaka mtu anakaribia kulala. Chini kuna sehemu inayoinuka, unaweka miguu."

"Inainuka mpaka wapi?"

"Mpaka inakuwa sawa na kiti."

"Na blanketi wanatoa?"

"Wanatoa."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za nyumba ya mtu mwingine.

"Nimekuwa nikimwombea," alisema. "Kila asubuhi, jina lake la kwanza, kabla ya wanangu. Hata leo kanisani." Kisha akafuta midomo kwa kiganja, kwa nguvu, mara mbili, kama anayetoa kitu kilichooza kwenye ulimi. "Petro, niletee maji nisukutue."

Petro alimletea. Alisukutua, akatema pembeni, akasukutua tena. Kwangu hakusema neno la kunisamehe, wala la kunifukuza. Alisema tu kwamba amechoka, na anataka kulala.

Petro alinisindikiza tena mpaka barabarani. Upepo wa mchana ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu, tukawa tunatembea tumefumba macho nusu. Tukasikia basi kwa mbali.

"Alhamisi nakwenda kwenye mfuko wao kuonana na wakubwa wake," alisema. "Hiyo karatasi nitaihitaji."

Nilimpa pale pale. Aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Na utaniandikia yote uliyomwambia mama. Kwa kalamu, si kwa mashine. Ukitaja kila kitu na kila mtu."

"Nitaandika."

"Wakijua wewe ndiye uliyefungua barua ya mteja na kuitoa, kazi utapoteza."

"Najua."

Basi lilisimama. Kondakta aligonga bati akituhimiza. Petro alinitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. Hakukuwa na wema kwenye macho yake, lakini hayakuwa yananikwepa tena.

"Na pale kwenye aliyemfundisha," alisema, "utaandika jina gani?"

"Langu," nikamjibu, nikapanda.